Kaniki Mkononi na Safari ya Hong Kong

Makambako, hotelini, asubuhi ya mvua

Shemeji Zakaria,

Kamwene. Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi sijambo na natumaini nawe hujambo, na hapo kalamu yangu imesimama muda mrefu mpaka mwenye hoteli ameniuliza kama nataka chai nyingine. Basi naanza hivi tu. Mimi nipo. Nimeketi barazani hapa njia panda nasubiri basi la Iringa. Mvua ilianza alfajiri na haijakata. Koti nililovaa ni lako.

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike, na anayekwenda Hong Kong ni mimi.

Nimeyaandika maneno hayo nikayasoma tena, nayo hayanifanyi kitu. Ndivyo nilivyo siku hizi. Mchungaji anasema ni ganzi ya msiba, itapita yenyewe. Mguu ukiukalia vibaya hufa ganzi, ukiamka unauma. Mimi nimekaa nasubiri kuumia na siumii. Nakula ninachopewa. Nasali sala zote. Krismasi niliimba sauti ya nne, mahali pako palikuwa wazi kando yangu, nikaimba mpaka mwisho bila kukosea. Sikulia siku ya mazishi, na watu waliona.

Najua waliolala katika Bwana hawapelekewi barua. Mimi si mpagani. Lakini nina neno linalonikaa kifuani, na miaka yote neno la namna hiyo nilikuambia wewe, pale karakanani, wewe ukipiga randa bila kuinua kichwa. Sasa nimwambie nani? Neno lenyewe linamhusu Dada Lea.

Dada Lea hasemi nami. Mke wako, dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni, tangu Jumapili ile ya baada ya mazishi ananiitikia salamu tu, basi. Na kwenye mkono wangu wa kushoto bado ipo kaniki aliyonishonea yeye siku ya kukuzika, kile kitambaa cheusi cha msiba. Unajua desturi yetu. Aliyekushonea ndiye anayekufumulia. Huwezi kukikata mwenyewe kama kamba ya mbuzi. Na nikifika Hong Kong nikiwa nacho itakuwa ni kosa kubwa, kama tulivyofundishwa wewe na mimi.

Jana nimempelekea neno kwa dereva wa lori linalobeba magome ya miti ya miwati kiwandani, aje Makambako, nina ombi. Dereva alisema, "Nitamwambia, lakini njia ni matope matupu." Basi la Iringa huja saa sita likipenda. Nimekwisha kuamua, Shemeji: basi likija kabla yake, mimi sipandi. Narudi Njombe na sanduku langu, meli iende.

Nikuandikie wakati nasubiri.

Nakumbuka Bibi Ingrid alipotusomea barua ya kwanza kutoka Hong Kong. Mwenyewe alikuwa muuguzi kwa Wachina miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu, na kanisa lake la kule lina karakana ya watu waliokimbia makwao, wanatengeneza viti, vitanda na matenga kwa mianzi. Wanasema wako tayari kumpokea fundi mmoja kutoka Njombe miezi mitatu, akae nyumbani kwa fundi wao mkuu, Mzee Lam. Ulicheka sana siku ile. Ukamwambia Bibi, "Kwetu mianzi tunainywa, kumbe wenzetu wanaikalia!" Na Mchungaji, aliyehubiri dhidi ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, tangu tulipokuwa vijana, akasema kama mianzi ya Njombe ingegeuka kuwa viti, angefunga siku tatu za shukrani.

Ndipo masomo yakaanza. Kila Alhamisi baada ya zahanati kufungwa, barazani kwa Bibi Ingrid. Mimi sikuitwa. Mimi nilikufuata tu, kama nilivyokufuata katika kazi zote. Bibi akasema, "Zakaria, huwezi kujifunza ugeni peke yako. Nani atakuwa mwenyeji?" Ukanishika bega: "Huyu hapa. Yeremia anajua kukaa kimya mpaka watu wengine waone haya." Tangu siku hiyo nikawa Mzee Lam.

Shemeji, hapo ndipo shida yangu nyingine ilipo, na ungekuwapo ungecheka. Mimi nilifundishwa kuwa Mchina. Najua kumpokea mgeni, kumketisha mahali palipoelekea mlango, kumwekea chakula kizuri katika bakuli lake kabla hajaomba, kukataa zawadi yake mara mbili kwanza. Kuwa mgeni sikufundishwa. Kila jambo nalijua kutoka upande wa pili wa meza. Katika daftari lako umeandika mambo yote, lakini nikiyasoma nayaona kinyumenyume, kama mtu anayevaa koti kwa kujitazama kwenye kioo.

Unakumbuka siku ya kigoda? Ulikuwa umemchongea Mzee Lam kigoda cha miguu mitatu, kigogo kimoja bila kiungo, kazi nzuri kuliko zote nilizoona mkononi mwako. Bibi akasema tujaribu. Ukanipa kwa mikono miwili, vizuri kabisa. Nikasema kama nilivyofundishwa, "Ah, usingejisumbua, siwezi kupokea." Ukanitazama. Ukasema, "Haya, basi." Ukakibeba kigoda chako mpaka kwenye ngazi, unakwenda zako nyumbani! Bibi Ingrid alicheka mpaka akavua miwani. "Zakaria! Rudi! Anakataa kwa heshima! Mpe tena!" Nawe ukasimama pale ngazini umekasirika kwelikweli: "Kwetu mtu akikataa kitu chako amekukataa wewe. Nimbembeleze?" Ikachukua Alhamisi tatu kukuzoesha kutoa mara ya pili na ya tatu bila kununa. Mpaka mwisho, mara ya pili ulikuwa unakitoa umekunja uso.

Chai nayo. Chai bila maziwa na bila sukari, kikombe kidogo kisicho na mkono, na ukinywa kinajazwa tena, hivyo usiharakishe kumaliza. Ulionja ukasema, "Bibi, haya ni maji yaliyotishwa na majani." Lakini kikombe ulikipokea vizuri, mikono miwili. Hilo halikuwa geni kwetu. Bibi alisema, "Hapa ninyi na Wachina ni ndugu." Tulifurahi. Kuinua bakuli mpaka mdomoni ndiko kulikotushinda. Mama zetu wangetuchapa. Vile vijiti vya kulia ulitengeneza mwenyewe kwa mwanzi mkavu, jozi kumi na mbili, ukasema tatu zitavunjika kwa hasira. Bibi akatuonya tusivisimamishe ndani ya wali kama mwiko ndani ya ugali, maana hufanya hivyo kwa wafu tu. Tukavilaza haraka.

Na mengine mengi. Jina la ukoo hutangulia. Mkubwa ndiye huanza kula. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Usimwambie mtu hapana usoni, sema tutaona. Ukiingia ndani vua viatu, na soksi zisiwe na matundu, kwa hiyo Dada Lea akakufumia jozi mbili za sufu. Na kwa kuwa ungefika siku za mwaka wao mpya, usiingie nyumbani mwa mtu na alama ya msiba, wala usitaje kifo mezani siku hizo. Uliandika maneno hayo mawili kwa wino ukayapigia mstari. Nimeyaona jana. Mstari umenyooka, kama ulitumia rula.

Halafu siku ya bafta. Ulinunua bafta mpya nyeupe dukani, yadi za kutosha, ya kufungia kigoda. Ukaifungua mezani kwa Bibi Ingrid umejaa fahari. Akaigusa kwa kidole. "Nyeupe kwao ni nguo ya wafu. Zawadi hufungwa kwa nyekundu." Ukasema, "Lakini kwetu hata bibi harusi huvaa nyeupe." "Najua, Zakaria. Lakini unakwenda kwao." Ukaikunja. Uliikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, ukaniambia njiani, "Basi, itapata kazi nyingine."

Ilipata.

Sikumbuki vizuri siku zile, na nasikitika. Nakumbuka ulikwenda bomani kwa ajili ya pasi ya safari, Bwana Shauri anayezitoa hakuwapo, ukasubiri nje mvua ikakukuta, ukarudi kwa miguu umeloa. Siku ya tatu kikakushika kichomi. Bibi Ingrid alikuja asubuhi na jioni na sindano. Dada Lea hakutoka kitandani pako. Mimi nilileta kuni na kusimama mlangoni.

Siku ile ya mwisho, mchana, Dada alikwenda kuchota maji nami nikabaki. Ukataka uji. Nikakupa kikombe. Ulikuwa huna nguvu ya kushika kijiko, lakini ukatoa mikono miwili chini ya blanketi, yote miwili, ukakipokea kama tulivyofundishwa. Ukaniambia, "Asante, Mzee Lam." Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanitania au ulikuwa umeweweseka. Nilijibu, "Karibu, mgeni wangu." Ukanywa kidogo. Jioni hukuwapo.

Jeneza nilitengeneza mimi, kwa mbao zako, na randa yako. Viungo vimekaa vizuri, ungeweza kupitisha kidole juu yake kisikwame. Dada Lea akatoa bafta kutoka sandukuni. Ilikuwa bado imekunjwa pembe kwa pembe. Wanawake wakauliza ilitoka wapi nguo nzuri kama hiyo, naye akasema, "Ilikuwa ya safari." Kisha akashona kaniki mikononi mwetu sisi wa karibu, na alipofika kwangu akakata uzi kwa meno, akasema, "Na wewe." Hayo ndiyo maneno yake mazuri ya mwisho kwangu.

Sasa nieleze kosa langu, nisijifiche.

Jumapili baada ya mazishi, nje ya kanisa, Mchungaji na Bibi Ingrid wakaniita pembeni. Wakasema karakana ya kule imeandikiwa kwa simu ya upepo, imejibu kuwa nafasi bado ipo, Mzee Lam amesema aje mwingine, na hakuna mwingine aliyesoma masomo yale ila mimi. Utakwenda? Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kama mtu aliyeulizwa kama amekwisha kula. Halikuwa jambo la tamaa, Shemeji, Mungu ananiona. Siku zile ungeniuliza lolote ningesema ndiyo.

Lakini sisi tuna utaratibu. Anayetaka kushika kazi ya marehemu huenda kwa mjane kwanza, akaketi chini nje ya mlango, akaomba. Hata jembe lake huombwa. Mimi nilimjibu Mchungaji palepale nimesimama, nimevaa kofia. Dada Lea alisikia kwa wanawake kisimani. Nilipofika kwake jioni akanitazama kutoka jikoni, akasema, "Umemjibu Mchungaji. Nenda basi kwa Mchungaji akufumulie na kaniki." Akaendelea kupepeta ulezi.

Nimekwenda mlangoni kwake mara tatu. Mara zote tatu nilikuta amekwenda shambani, au anasema ana kichwa. Bibi Ingrid alisema, "Yeremia, nitaikata mimi, nina mkasi." Nikamwambia, "Tutaona." Akanielewa, akacheka kidogo. Nimechanjwa ndui, mkono ulivimba. Pasi nimepata, picha yake nimetoka kama mtu aliyeitwa shaurini. Koti lako nimelileta kwa fundi cherehani wa Lyamkena alipunguze mikono, maana wewe ulikuwa mrefu, lakini alipoanza kuweka chaki nikamwambia aache. Kwa hiyo mikono ya koti inafika vidoleni na kaniki haionekani. Lakini nikinyoosha mikono miwili kupokea kikombe, inachungulia. Nimejaribu mara nyingi leo asubuhi. Mwenye hoteli ananitazama.

Nyumbani mambo ni haya: Mianzi yote imekatwa vichwa na mbeta za kukingia utomvu zinajaa, mwaka huu ulanzi ni mwingi, Mchungaji amekwisha kuhubiri mara mbili. Paa la karakana linavuja pale juu ya benchi, nimehamisha zana. Mbwa wako hulala mlangoni pa karakana, sio nyumbani. Viazi vimestawi. Zile jozi zako kumi na mbili za vijiti haijavunjika hata moja.

Sijui niandike nini tena. Mvua imepungua. Kuna lori linashuka kutoka upande wa Njombe.

*

Nimeacha kuandika saa nzima, sasa naendelea. Andiko litakuwa baya, naandikia magotini, basi limekwisha kufika na dereva anakula.

Alikuja, Shemeji. Juu ya magome ya miwati, amejifunika gunia kichwani, amelowa. Akateremka na kifurushi kwapani. Nikamwamkia, "Kamwene, Dada." Akaitikia, "Kamwene," akasimama pale pale. Wote barazani wakageuka kutazama, wasafiri wanapenda mambo ya watu.

Nikakumbuka jambo moja tu nililopaswa kufanya wiki tano zilizopita. Nikavua kofia. Nikashuka barazani nikaketi chini mbele yake, hapo kwenye matope, nikasema, "Dada, naomba kazi ya Zakaria. Naomba safari yake. Nilimjibu mtu mwingine kabla yako. Ukikataa, narudi nawe kwa lori hili hili."

Matope yalikuwa baridi, yanapita suruali. Nilisikia mtu nyuma akiuliza, "Huyu amemkosea nini mama wa watu?" na mwingine akasema, "Nyamaza, ngoja tuone."

Mwisho Dada akasema, "Inuka. Unachafua koti."

Nikainuka. Akaingia hotelini mbele yangu, akavuta benchi, akaketi mwenyewe mahali palipoelekea mlango, kisha akahama. Akanionyesha pale alipotoka. "Mgeni hukaa hapa. Kaa." Nikakaa. Akasema, "Leo mimi ndiye Mzee Lam. Kigoda kiko wapi?"

Shemeji, mimi sikujua kuwa anajua! Nikamwambia, "Dada, wewe hukuwa ukija kwa Bibi Ingrid." Akasema, "Kila Alhamisi alikuwa anarudi ananisomea yote mpaka ugali unapoa. Nilikuwa mgeni, nilikuwa mwenyeji, nilikuwa mke wa Mzee Lam. Toa kigoda."

Nikakitoa kwenye gunia nikampa kwa mikono miwili. Akasema, "Ah, usingejisumbua, siwezi kupokea." Kwa sauti yako kabisa. Nikasita. Akakunja uso: "Usiondoke nacho kama yule." Nikatoa mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu akapokea. Akakiweka mapajani, akapitisha kiganja juu yake pale ulipokilainisha kwa jani la msasa, polepole, kiganja kikizunguka na kurudi. Mwenye hoteli alitaka kuleta kitu akarudi jikoni. Sijui alikaa hivyo muda gani. Mimi najua kukaa kimya.

Halafu akafungua kifurushi chake. Ndani ilikuwamo khanga nyekundu, ile uliyompa mwaka wa kwanza wa ndoa yenu, aliyoivaa Pasaka tu. Akakifunga kigoda, pembe kwa pembe, fundo juu. Akasema, "Nyekundu. Na asifungue mbele yako, na wewe usimtazame kama unangoja afungue. Zakaria angetazama."

Nikasema angetazama kweli.

Akaagiza chai. Mwenye hoteli akauliza sukari kiasi gani, Dada akasema, "Bila sukari, na usilete maziwa, huyu anajizoeza." Ikaja katika vikombe vikubwa vya bati. Akanipa kikombe kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa kidogo. Nikanyoosha mikono yangu kukipokea. Mikono ya koti ikarudi nyuma, kaniki ikachungulia.

Akaitazama. Akasema, "Shika kikombe hivyo hivyo. Usitikisike." Akatoa wembe kwenye pindo la khanga aliyojifunga, akaukata uzi, nyuzi nne, alishona imara. Kaniki ikamwangukia kiganjani. Nilidhani ataitia motoni kama inavyofanywa. Hakuitia. Aliizungusha kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya ile yake, akafunga kwa meno. Akasema, "Nitakushikia. Mimi nipo nyumbani, haina pa kumkosea mtu. Ukirudi nitakurudishia, tutamaliza matanga yako ulipoishia. Usidhani nimekusamehe deni la kulia."

Kisha akasema, "Na huko usijifanye yeye. Zakaria alikwisha fika mwisho wa safari yake. Wewe nenda kwa jina lako."

Nikanywa chai. Ni kweli, Shemeji, ni maji yaliyotishwa na majani. Nikainywa polepole, maana ukimaliza unajaziwa.

Sijalia bado. Nakuambia ukweli, nilingoja machozi na hayakuja. Lakini pale mkononi, mahali ilipokuwa kaniki, ngozi imebaki nyeupe na nyororo, na upepo ukipita panawasha. Ni mahali pamoja tu, upana wa vidole viwili. Ndipo pekee mwilini mwangu panaposikia kitu. Nimepashika tangu tulipotoka ndani.

Dereva ananawa mikono. Dada Lea ameketi kando yangu, ameuliza naandika nini, nimemwambia namwandikia Zakaria. Hakushangaa. Amesema, "Mwambie mbwa anakula." Barua hii nampa yeye aitie katika sanduku la zana, chini ya randa, mahali pakavu.

Pumzika kwa amani ya Bwana, Shemeji. Nakuahidi mambo haya, na Dada Lea ni shahidi. Siku za mwaka wao mpya nitakuwa mgeni mwenye adabu, sitataja kifo mezani. Zikiisha, nitamwomba Mzee Lam anisikilize, na nitamwambia ni nani aliyechonga kigoda alichokikalia. Nitajifunza mianzi mpaka mikono ielewe. Na nikirudi, nikishuka kwenye lori Njombe, sitakwenda kanisani kwanza, wala kwa Bibi Ingrid. Nitakwenda mlangoni kwa Dada Lea, nitavua kofia, nitaketi chini, na nitanyoosha mkono wa kushoto anishonee kaniki yangu. Kiti cha kwanza cha mianzi kitakuwa chake. Akikikataa, nitampa mara ya pili na ya tatu.

Wananiita.

Ni mimi shemeji yako, na jina la ukoo limetangulia kama tulivyofundishwa,

Mgaya Yeremia